Sambaza za Nasiba

Uwineza alimshinda Nasiba kwa kitu kimoja tu: alama za darasani. Na alama, kama mama yake alivyopenda kusema, haziamkii watu njiani.

Nasiba ndiye aliyeamkia watu. Akipita soko la Kamembe na mtandio wake, wauza ndizi walimwita kwa jina, mafundi cherehani walinyanyua vichwa, na hata askari wa langoni mwa chuo, mtu asiyemchekea mtu, alimchekea yeye kwa meno yote. Uwineza alitembea kando yake akipokea salamu zisizomhusu. Watu wakishamaliza kuuliza habari za Mzee Ndayisaba, baba yake Nasiba, ndipo mmoja wao angekumbuka kusema, “Na huyu mwenzako ni nani tena?” Walikuwa mwaka wa mwisho sasa, na bado alikuwa “huyu mwenzako.”

Wote wawili walisomea usafirishaji na uhifadhi wa bidhaa. Siku za masomo Uwineza alilala kwenye chumba cha uani nyumbani kwa akina Nasiba. Mwisho wa juma alipanda kwao Mibirizi, kwa mama yake Emerance, mjane aliyepika katika shule moja ya bweni. Emerance alizaliwa na kukulia Bukavu, ng'ambo ya ziwa, na Kiswahili cha huko hakikumtoka hata baada ya kurudi Rwanda. Binti akiingia tu na vumbi la njia miguuni, mama angeuliza, “Nasiba hajambo kule? Ule mutoto anajua kuishi na bantu. Umwangalie vizuri, ujifunze.”

Emerance alisema hivyo kwa mapenzi. Alikuwa na binti mkimya, mwenye uso wa kununa hata asiponuna, na aliogopa dunia isije ikamfungia mlango. Lakini Uwineza alisikia vingine. Ilikuwa kama kutengewa chakula na mtu anayekwambia jinsi cha jirani kilivyokolea chumvi.

Kibaya zaidi, hakumchukia Nasiba. Angemchukia ingekuwa nafuu. Alikula mezani pao, Mzee Ndayisaba alimwita mwanangu, na alipougua malaria Nasiba ndiye aliyekesha naye. Kila wema aliotendewa uliongeza donge la wivu moyoni. Hata kushukuru kulimchosha.

Mwaka huo kila mwanafunzi alikuwa akitafuta staji, nafasi ya kujifunza kazi, na kila mmoja alitaka Kigali. Uwineza alikuwa amehojiwa mara mbili kwa simu na makampuni ya huko. Mara zote mbili sauti ya upande wa pili ilikuwa nzuri hadi mwisho, ikasema asante, tutakupigia, na simu haikulia tena. Ndipo likaja tangazo ubaoni: kampuni moja ya Kigali, inayokusanya samaki, mchele na matunda kutoka wilaya za magharibi na kuvihifadhi kwenye vyumba vya baridi, inataka wanafunzi wawili. Wenyewe watakuja Kamembe kuwahoji, katika ukumbi wa hoteli moja iliyo juu ya ziwa.

Jioni moja kabla ya siku yenyewe, wasichana hao wawili walikaa uani wakichambua mchele na kuhojiana. Uwineza alikuwa mkubwa wa kampuni, kisha Nasiba akawa mkubwa wa kampuni.

“Mademoiselle,” alisema Nasiba akikaza uso, sinia likiwa mapajani, “tuelezee siku moja mambo iliharibika, na weye ulifanya nini.”

Uwineza alifikiri. Mambo yalikuwa yamemharibikia mara nyingi, lakini hakukumbuka kufanya lolote ila kungoja yapite.

“Anza weye,” alisema.

Na Nasiba akasimulia. Alikuwa bado msichana wa sekondari, likizoni. Baba yake alikuwa amenunua mabeseni ya sambaza mbichi, visamaki vidogo vya ziwani, kwa ajili ya tajiri wa Bukavu ambaye alikuwa akivuka kuzichukua. Siku hiyo hakuja, na simu yake haikupatikana. Jua likapanda, vile visamaki vikaanza kulegea. Mzee akakaa chini akashika tama. Basi Nasiba akazunguka kwa majirani kuazima makarai, akawakusanya wanawake, wakazikaanga zote kwa chumvi na pilipili. Halafu akajiuliza: nani ana njaa saa hizi, na ni wengi? Akawakumbuka wafanyakazi wa saruji kule Muganza, wanapotoka zamu. Akapanda pikapu ya jirani na mzigo wake hadi kiwandani, akamkuta mama mmoja anayekaanga mihogo karibu na lango, akamwambia, tuuze pamoja. Zikaisha kabla watu hawajaisha.

“Mpaka leo Papa anatumaka sambaza kwa ule mama,” Nasiba alimaliza, akipuliza makapi. “Ile tajiri wa Bukavu, hata akirudi, hatumuhitaji tena.”

Uwineza alicheka, akamwambia ni nzuri sana. Ndani yake kitu kilimuuma kama jino. Kwa hiyo hata msiba humwendea Nasiba umevaa nguo nzuri! Mtu mwingine samaki wake wakioza, wanaoza tu.

Kesho yake ukumbi wa hoteli ulijaa vijana waliopiga pasi hadi kola. Mhudumu aliwaita bila mpango wowote aliokuwa akiujua mtu, na Uwineza akaitwa kabla ya Nasiba.

“Bonne chance,” Nasiba alimnong'oneza, akimtengeneza kola.

Mezani walikuwa watu watatu, lakini aliyesema ni mmoja: mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, waliyemwita Madame Épiphanie. Alieleza kwamba wateja wao wengi wako Kongo, basi wangezungumza Kiswahili. Aliuliza juu ya masomo, Uwineza akajibu sawasawa. Aliuliza samaki hukaa kwenye baridi gani, Uwineza akajibu sawasawa. Mwanamume aliyeketi upande wake wa kulia alikuwa tayari anatazama dirishani, kule ziwani. Uwineza alimwona. Aliijua ile hali ya kusikilizwa na mtu ambaye ameshamaliza naye.

“Tueleze siku moja mambo yalipoharibika,” alisema Madame Épiphanie, “na wewe ulifanya nini.”

Alifungua kinywa bila kujua atakachosema. “Baba yangu anauza sambaza,” alisema.

Baba yake alikuwa amezikwa Mibirizi miaka mingi iliyopita, na hakuwahi kuuza samaki hata mmoja. Lakini sentensi ya kwanza ilivuta ya pili, na ya pili ya tatu. Tajiri hakuja. Jua lilipanda. Alizunguka kuazima makarai. Mwanamume wa kulia aliacha dirisha. Uwineza akasikia sauti yake mwenyewe ikichangamka, mikono yake ikicheza hewani kama ya Nasiba, na alipofika kwenye swali la nani ana njaa saa hizi, alitulia kidogo, vilevile alivyotulia Nasiba. Wote watatu wakatabasamu. Kwa mara ya kwanza maishani alionja utamu wa kuwa mtu anayetazamwa.

Alipotoka, Nasiba alimwinulia dole gumba, akaingia yeye. Hapo ndipo Uwineza alipokumbuka kwamba naye ataulizwa swali lilelile. Alisimama kwenye baraza akitazama ng'ambo, nyumba za Bukavu zimerundikana kilimani, na hakuondoka, kwa sababu kuondoka kungekuwa kukiri.

Nasiba hakukaa sana ndani. Alitoka akitembea polepole kama mtu aliyebeba maji kichwani.

“Uliwaambia ya sambaza,” alisema. Hakuwa akiuliza.

“Ilinitoka tu, Nasiba. Naapa.”

“Kitu inatokaka mahali ilikuwa. Ile haikukuwa kwako.” Alikaza mtandio wake. “Nimeanza kusema, banaangaliana. Ile madame ananiuliza, mulifundishwa na mwalimu moja? Hii histoire tumeisikia hapa leo.”

“Na weye ulisema nini?”

“Sikusema kitu.”

Akashuka ngazi peke yake. Uwineza alibaki ameshika ukingo wa baraza. Aibu ilimjaa, ndiyo, lakini chini ya aibu, akishangaa mwenyewe, aliukuta wivu umekaa palepale. Yeye, lau angeibiwa vile, angepiga kelele ukumbi mzima umsikie. Nasiba alinyamaza. Hata katika kudhulumiwa alimshinda.

Siku hiyohiyo alifunga virago vyake vya chumba cha uani, akamwambia Mzee Ndayisaba mama anamhitaji, akapanda kwao Mibirizi. Huko ndiko simu ilikomkuta. Kampuni imewachagua wawili: kijana mmoja aitwaye Héritier, na yeye.

Emerance aliimba. Aliimba akipepeta maharage, aliimba njiani kwenda shuleni, na kabla ya jua kuzama kilima kizima kilijua mtoto wake anakwenda Kigali. Jioni alimtazama binti yake kwa macho ambayo Uwineza alikuwa ameyangoja tangu utotoni.

“Na Nasiba?” aliuliza kisha.

“Hakupita.”

Wimbo ukakoma. Emerance alitikisa kichwa. “Maskini, mutoto wa watu. Atalia sana. Ukifika kule usimusahau, umutafutie na yeye.” Akaenda kuondoa sufuria jikoni, na Uwineza akabaki na ushindi wake mikononi, umepoa. Ilikuwa siku yake pekee, na bado huruma ya mama ilikuwa imeteremka kilima kwenda kwa Nasiba.

Haikupita juma, Madame Épiphanie akapiga mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya furaha. Kampuni imefikiria juu ya sambaza zile. Kabla ya staji kuanza, yeye na mwenzake watapita Muganza kuona biashara ilivyo pale kiwandani, na ni nani wa kuwapeleka kama si Uwineza? Wanataka wamwone yule mama.

Uwineza alisema ndiyo. Simu ilipokatika alikaa juu ya kitanda. Hakujua hata jina la mama huyo.

Alishuka Kamembe akamkuta Nasiba anaanika nguo. Kamba ilikuwa katikati yao, na shuka, hata walizungumza kila mmoja akiona miguu tu ya mwenzake.

“Banataka kuenda Muganza,” alisema Uwineza. “Kuona ule mama wa mihogo.”

Nasiba alibana kibanio kimoja, kingine.

“Unisaidie jina tu. Nasiba, nitakulipa hii kitu siku moja, utaona.”

Nasiba aliivuta shuka kando. Macho yake yalikuwa makavu. “Histoire ulibeba,” alisema. “Beba na mama wake.” Akarudisha shuka mahali pake.

Mtu mwingine hapo angepiga simu Kigali na kusema ukweli. Uwineza alifikiri kupiga, akaishika simu, akaiweka. Kila alipowaza Nasiba akikaa kwenye kile kiti cha Kigali, na watu wa jiji zima wakijifunza jina lake kama walivyojifunza watu wa soko, kidole kilikataa. Afadhali kiti kikae wazi, alijisemea, na wazo hilo lilimtisha kidogo, lakini hakulifukuza.

Basi siku ikafika. Gari la kampuni lilimchukua Kamembe, likateremka bondeni ambako joto hukaa, kupita migomba na mashamba ya mpunga, hadi Muganza. Malori ya saruji yalipishana yakitimua vumbi jeupe, na Uwineza akajifunga kitambaa kichwani kujikinga. Alikuwa amejipangia maneno. Angesema yule mama amehama. Angesema ilikuwa zamani.

Lakini wakaangaji karibu na lango la kiwanda hawakuwa wengi, na mmoja tu alikuwa na karai la mihogo upande huu na karai la sambaza upande ule. Madame Épiphanie alimwona kabla yake, akaenda moja kwa moja kwa hatua za mtu aliyezoea kununua.

“Maman, habari ya kazi. Tumeletwa na binti huyu. Anasema ndiye aliyekuletea sambaza mara ya kwanza, mkauza pamoja.”

Mama yule, Honorine kwa jina, mnene, mwenye mikono yenye alama za mafuta ya moto, alikunja macho kwa moshi. Alitazama kile kitambaa kichwani. Alimtazama Uwineza usoni. Kisha akatupa mwiko.

“Nasiba?”

Na kabla Uwineza hajarudi nyuma, alikuwa ameshakumbatiwa. Alizama katika harufu ya pilipili na moshi. “Nasiba yangu! Ona vile umekomaa! Siku yote Papa yako anatumaka gari na dereva, mi naulizaka, mutoto haiko? Banasema iko ku masomo.” Akamgeuza kwa wenzake, akimshika mabega. “Bamama, mumuone! Huyu njo alinitoa ku shida. Mi nilikuwa ya mihogo tu, batoto banalala njaa. Akafika hapa, kitoto, akaniambia Maman, tuuze pamoja. Mungu akubariki, mutoto wangu. Niliombaka nikuone kabla sijakufa.”

Wanawake wengine walipiga vigelegele. Mmoja alimletea kigoda. Uwineza alisimama katikati ya upendo huo wote, na alijua kwamba hiki ndicho alichokuwa akikitamani, hiki hasa, si Kigali wala kiti. Kuitwa kwa jina sokoni. Kukumbatiwa na mtu mwenye mikono ya kazi. Kilikuwa kimeletwa kwake kizima kizima, na hakikumgusa. Kila neno la yule mama lilipita pembeni yake likienda kwa mwingine, kama barua iliyokosea nyumba.

“Nasiba?” alisema Madame Épiphanie polepole. Alikuwa amevaa miwani yake. “Wewe si Uwineza?”

Njia bado ilikuwepo. Angeweza kusema hilo ni jina la nyumbani. Wengi wana jina la nyumbani. Neno lilimfika ulimini, na alihisi jinsi lilivyo jepesi. Na akaona mbele yake maisha yote ya kuitikia jina hilo, akipokea mapenzi ambayo angeyaonea wivu hata yakiwa mikononi mwake.

“Mi si Nasiba, Maman,” alimwambia Honorine kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa amemshika. “Nasiba iko Kamembe, nyumbani kwao. Mi nilikuwa ninalalaka kwao tu.”

Mikono ya Honorine ililegea taratibu ikamwacha.

Kisha akamgeukia Madame Épiphanie. “Yule msichana wa pili, yule mliyemwambia amefundishwa. Ilikuwa yake. Nilimsikia akiisimulia uani kwao, nikaingia kwenu nikaisema. Baba yangu hakuuza sambaza. Baba yangu alikufa.”

Lori lilipita, na vumbi likawafunika wote. Lilipotulia, Madame Épiphanie alikuwa anafuta miwani.

“Nilimtoa yule mtoto ndani kama mwizi,” alisema. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejiambia mwenyewe. Halafu kwa sauti ya kazi: “Nipe namba yake. Wewe tafuta gari lingine la kurudi.”

Honorine hakumfukuza. Hakumpa kigoda pia. Aliokota mwiko wake, akaugeuza ule mhogo uliokuwa ukiungua.

Nyumbani Emerance alisikiliza yote amesimama. Uwineza alingoja kofi au kilio. Mama aliketi mwishowe, akauliza jambo moja tu: “Ilikuwa juu ya nini? Ulikosa nini?”

“Kila siku unaniambiaka nimwangalie Nasiba,” alisema Uwineza. “Niliangalia, Maman. Niliangalia mpaka nikasahau kujiangalia.”

Emerance alijiziba mdomo kwa kanga yake. Hakujitetea, na binti hakumwongezea. Kosa lilikuwa lake mwenyewe, Uwineza alijua. Mama alikuwa ameweka kuni tu.

Nasiba aliitwa Kigali, akaenda yeye na Héritier. Kabla ya safari yake Uwineza alimfuata nyumbani, akaomba msamaha mbele ya Mzee Ndayisaba, ambaye aliitika “Sawa, mwanangu” na kuingia ndani kwa swala, akiwaachia uwanja.

“Ile siku ulinyamaza,” Uwineza alisema. “Ungeweza kunitaja. Nilifikiri, ona, hata roho yake ni nzuri kunishinda.”

Nasiba alicheka kwa uchungu. “Roho gani? Nilinyamaza sababu nilisikia haya. Ningeweza, ningekutaja mara kumi. Nilienda kuoga nikakutukana mpaka maji ikaisha.” Akamtazama. “Weye unanichukuaka kama sanamu ya kanisa. Mi ni muntu.”

“Unanisamehe?”

“Bado,” alisema Nasiba. “Usinisukume.”

Uwineza alipata staji Bugarama, katika ushirika wa wakulima wa mpunga, ambako maghala yana joto na panya, na hakuna aliyemhoji zaidi ya kumuuliza kama anaweza kuamka mapema. Anaweza. Nasiba humwandikia mara mojamoja, maneno machache, na siku nyingine picha: ghorofa, taa, yeye na Héritier wamevaa makoti mazito ndani ya chumba cha baridi, wanacheka. Picha ikifika, lile donge hupanda vilevile, kana kwamba halijasikia yaliyotokea. Uwineza hulingoja lishuke. Kisha huandika, “Umependeza. Mzee hajambo, nimepita kwenu jana,” na ni kweli amependeza, na ni kweli alipita.